Mgongo wa Shofere

Ukitoka Kalemie, pale mto Lukuga unaacha ziwa Tanganyika, ukishika njia ya Nyunzu, utaona mashofere wanashuka motokari huku wakishika kiuno. Kiti kimebonyea, na kila shimo la njia linapiga mgongo.

Basi, ewe shofere, fanya hivi. Kunja kitenge, ukiweke nyuma ya kiuno. Vuta kiti karibu, magoti yapindike kidogo. Toa pochi katika mfuko wa nyuma. Kisha masaa mawili, simama, tembea. Ukifika, usibebe gunia palepale. Ninyi vijana, shusheni mizigo.

Lakini mguu ukifa ganzi, ao mkojo ukikataa kutoka, kimbilia hospitali siku ileile. Baba akilazwa na mgongo, nyumba nzima italala njaa.