Nusu ya Daftari

Mwezi wa sita, Songea ikiwa na ile baridi yake ya kutia mikono kwapani, nilimpeleka mama hospitali. Daktari alikuwa kijana, bado yuko mafunzoni, mwenye adabu zake. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akageukia kompyuta, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Bibi, presha imekuanza lini? Kwenye mfumo huna historia."

Mama, mwenye presha tangu mimi niko shule ya msingi, alinitazama. Nikafungua kikapu nikatoa madaftari saba yaliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kijana akashangaa yalivyo mafupi, yamekatwa katikati. "Haya si ya shule, mama?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Namjibu hapa.

Majengo, mtaa wa utoto wangu, ilikuwa na duka ambalo mgonjwa alilipitia kabla ya kufika zahanati. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kushoto pipa la mafuta ya taa, kulia gunia la dagaa wa Nyasa, na katikati, kwenye rafu, madaftari. Kila mgonjwa alitakiwa aje na daftari lake, na daftari zima lilikuwa ghali kwa mtu anayekwenda kutibiwa homa. Basi mzee alilikata vipande viwili kwa kisu kile kile cha kukatia mche wa sabuni. Kingo zilibaki na ubuluu. Daftari lilinuka mafuta ya taa, dagaa na sabuni kwa pamoja, na nesi mmoja alikuwa akisema watu wa Majengo anawajua kabla hawajakaa kwenye benchi.

Wala hakuishia kukata. Aliuliza, "La nani?" Asiyejua kuandika aliandikiwa jina juu ya jalada kwa herufi kubwa, na chini yake jina la balozi wake wa nyumba kumi. Sukari hakumkopesha mtu, hata shemeji yake. Daftari la mgonjwa alikopesha. Jedwali la kuzidisha lililokuwa nyuma lilikatwa pia: nusu ya juu ilikomea mara sita. Mdogo wangu alipata nusu ya chini, na saba mara nane niliijulia mgongoni mwa malaria yake.

Ndani ya madaftari kumeandikwa "B/S 2+", yaani malaria imeonekana kwenye damu, na klorokwini 4-4-2: vidonge vinne, vinne, viwili, na usiku mzima wa kujikuna. Mbele kidogo inaingia SP, dawa nyingine ya malaria. Ukurasa unasema 2001, na kweli ndio mwaka SP iliposhika nafasi ya klorokwini nchini. Dawa ya mseto ikaja mwishoni mwa 2006. Mama anashikilia kwamba kwetu ilifika kabla. Nimeangalia tarehe, amekosea, na sikumwambia.

Tabibu wa zahanati ile, akiletewa mwanafunzi, hakumpa kalamu. Alimpa daftari. "Soma kwa sauti, anza ukurasa wa kwanza." Mwanafunzi anasoma, mama amekaa palepale anamrekebisha: "Hapo hawakuandika, lakini nilikuwa nimefiwa." Tabibu akaagiza kiandikwe. Presha iliyopanda ghafla ikapata sababu yake. Siku hizi hiyo inaitwa tiba ya familia na watu wanaisomea ubingwa. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, Kenya, walianza kuifundisha 2005.

Sisemi daftari lilikuwa malaika. Masika moja maji yaliingia chumbani, wino ukayeyuka, presha ya miaka miwili ikawa madoa. Wengine waliyawashia jiko. Jirani yetu alificha lake chini ya godoro kwa sababu ya neno moja lililomo. Kwa hayo kompyuta ina haki yake. Mosoriot, jirani na huko Eldoret, kituo cha afya kilianza kuitumia 2001, na kutokana na kazi ile ikazaliwa OpenMRS, programu inayotumika sasa katika nchi nyingi.

Kwetu yaliyofuata yalikwenda mbio: vitabu vya takwimu vya MTUHA, kadi za CTC za wenye VVU, fomu za bima, kisha mfumo wa kompyuta wa GoTHOMIS na namba ya malipo kwenye simu. Lile duka likauza vocha, sasa ni la kutolea pesa.

Kinachoniudhi si kompyuta. Daftari lilitembea na mama, hospitali ya Homso, ya Peramiho, popote alipokwenda. Mfumo unabaki ofisini. Alikotibiwa mwaka juzi wanayo yake yote, hapa hawayaoni, halafu anaambiwa hana historia. Mwanamke wa miaka themanini na mbili! Na mtandao ukisumbua, hata jina hana.

Yule kijana, nimtendee haki, aliyasoma. Aliomba abaki nayo mpaka kesho yake; mama akakataa. "Soma hapa hapa, mjukuu wangu, sina haraka." Foleni ya nje ikanung'unika. Akaingiza vipimo kumi na kimoja, na kwenye nafasi ya maelezo nikamwona anaandika: alifiwa.

Kama kwenu kuna madaftari ya namna hiyo, msiyawashie jiko. Mkienda hospitali, yabebeni.