Mbunge wa Familia

Kazi ilikuja kwa WhatsApp saa tano usiku. Huku Kataboi hiyo ndiyo saa mtandao unatulia kidogo, kwa sababu wengine wamelala. Mteja alitaka maneno 800 kuhusu mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma: alivyoingia siasa, miswada yake, misimamo yake. "Iwe ya heshima," aliandika. "Wasomaji wangu wanampenda." Malipo shilingi 2,000, nusu mbele. Nilikubali kabla sijamaliza kusoma ujumbe wenyewe. Kwenye simu nilikuwa na shilingi 40, na mama alikuwa ameshakopa unga dukani mara mbili wiki hiyo.

Mimi ndiye yule kijana aliyekwenda chuo kikuu akarudi. Majirani wakiniuliza nitamaliza lini nawajibu niko likizo. Likizo yangu ilianza 2022.

Siku ya kwanza niliandika bila shida. Kaluma ni wakili. Aliingia bungeni 2013 kwa tiketi ya ODM, akarudishwa 2017, akarudishwa tena 2022. Si mbunge wa kupiga kelele za kokoto na visima tu. Huyu anaandika sheria, na mtu anayeandika sheria kwa mkono wake ni adimu kuliko tunavyofikiri. Nikaanza kuipanga miswada yake kwa miaka, na kadiri nilivyopanga nikaona jamaa ana neno moja analolirudia: familia. Nani ni mke, nani ni mtoto, nani aingie nyumbani na nani abaki nje ya ua. Anapenda kurejelea Katiba, na Kifungu cha 45 kinamsaidia, maana kinasema familia ndiyo msingi wa jamii na kwamba mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti.

Nikafika 2021, nikasimama.

Mwaka ule, mwezi wa Novemba, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Urithi. Mswada ulikuwa wa Kaluma. Ulichofanya ni kueleza upya mwenzi wa ndoa ni nani: ni yule anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa ya 2014. Wale wanaojitokeza kwenye mazishi wakisema marehemu alikuwa mume wangu pia, wasio na ndoa inayotambulika, mlango ukafungwa. Mtandaoni watu walicheka wiki nzima. Mpango wa kando amekatiwa stima, mpango wa kando arudishe funguo za nyumba. Mimi nilikuwa hosteli, nina bando la wiki, na nakumbuka vizuri kwamba nilisambaza kichekesho kimoja kwenye grupu la darasa.

Miezi sita baadaye baba akafa.

Baba alikuwa mvuvi, makao yake Kalokol. Alikuwa na boti ya faiba, injini, nyavu, pesa kidogo benki, na mbuzi waliokuwa kwa ndugu zake. Alikuwa pia na mke. Huyo mke alimlipia mahari ikaisha na akamfanyia akuuta, ile harusi yetu ambayo dume la ng'ombe huchomwa mkuki mbele ya watu na hakuna anayeweza kuja baadaye kuuliza maswali. Mama yangu hakufanyiwa hayo. Alikaa na baba miaka 19, akamzalia watoto watatu, akampelekea chai ufuoni alfajiri, akapanga samaki wake juani. Baba alianza kumlipia. Mbuzi wa kwanza walifika kwa babu, kisha ukaja ukame wa 2011, na baada ya hapo ikawa mwaka ujao, mwaka ujao.

Kwa sisi Waturkana, mwanamke ambaye mifugo yake haijaisha bado ni binti wa baba yake. Na watoto wake ni wa baba yake pia. Ndiyo maana jina langu la mwisho ni la babu mzaa mama. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni heshima tu tumempa mzee.

Sasa hapa ndipo mambo yanakuwa ya kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Ile Sheria ya Urithi ina kipengele cha zamani kinachosema kwamba katika wilaya fulani kavu za nchi hii, Turkana ikiwemo, mifugo na mashamba ya marehemu asiyeacha wosia hayagawanywi kwa kanuni zake, yanafuata mila. Kwa hiyo mbuzi wa baba walikwenda kimila, na kimila mimi si mtoto wa nyumba hiyo. Sikupata hata mguu. Lakini boti, injini na pesa za benki ziko chini ya sheria, na sheria inamtambua mtoto bila kuuliza kama mama yake alilipiwa. Tuliketi chini ya mti, mzee mmoja akiandika majina ya warithi kwenye karatasi ili ipelekwe mbele. Jina langu likaandikwa. Ya wadogo zangu yakaandikwa. Alipofika kwa mama akainua kalamu.

Mimi nilikuwa ndani, mama nje. Kwa mila alikuwa nje, na kwa sheria alikuwa nje.

Hakubishana. Alishika mfuko wake wa miaa, akaniambia, "Twende, jua linakuwa kali."

Ningependa kusema kwamba Kaluma alituibia boti. Ingekuwa makala nzuri sana na watu wangeisambaza. Ila mahari hakukataa yeye kulipa. Na kusema kweli nilipomsoma kwa makini nilimwelewa. Alikuwa anamfikiria mjane aliyevumilia ndoa miaka 30, halafu siku ya mazishi anakuta wanawake wawili wamevaa nguo nyeusi mstari wa mbele. Mjane huyo yupo, mimi namjua. Ni mke mkubwa wa baba. Ana watoto sita, alilia siku ile hadi sauti ikapotea, na mpaka leo akipata sukari ya ziada hutuma kiasi kwa mama kupitia watu wa bodaboda. Sheria ile iliandikwa kwa ajili yake, na ilimsaidia. Mbunge tu hakujua, au hakuona haja ya kujua, kwamba kuna sehemu za nchi ambapo kati ya mke na mpango wa kando kuna mwanamke wa tatu, na wako wengi.

Ada ya chuo ilikuwa inatoka kwenye boti. Fungu langu la pesa za benki lilikuja limechelewa na limeishia kwenye madeni. Nikaenda Kakuma kutafuta kazi.

Kakuma ukiwa Mturkana ni mji wa ajabu. Kambi ipo tangu 1992, imekuzidi umri, na ndani yake kuna Wasudan, Wasomali, Wakongo, Waethiopia, maduka yanayofunguliwa mpaka usiku, na wewe mwenyeji ndiye unayeuza kuni na makaa. Nilipata kazi ya kuchapa na kunakili karatasi kwenye kibanda kimoja. Hapo ndipo nilipokutana na mtu nitakayemwita Jirani. Sitataja jina wala kazi aliyofanya. Alikuwa Mganda. Ndiye aliyenionyesha kwamba watu wanalipwa kuandika makala za mtandaoni, akanifungulia akaunti, akanisahihishia Kiingereza changu cha maombi ya kazi. Pesa ya kwanza niliyopata ilikuwa shilingi 600, na tulikula wali na nyama kwa Wasomali.

Ilichukua miezi kabla hajaniambia kwa nini alitoka kwao. Mbunge mmoja, David Bahati, alipeleka mswada bungeni Kampala mwaka 2009. Ulitiwa sahihi Februari 2014. Agosti mwaka huo huo mahakama ikaufuta, kwa sababu wabunge walioupitisha hawakutimia idadi inayotakiwa. Lakini Jirani alikuwa ameshavuka mpaka. "Mahakama ilifuta," aliniambia, "kaka zangu hawakufuta."

Hakuwahi kuniambia zaidi ya hapo. Alilala na ndoo ya maji kando ya mlango. Nilidhani ni tabia tu, hadi mtu mwingine akanisimulia kwamba Machi 2021 watu kama yeye walirushiwa moto wa petroli usiku pale kambini, wawili wakaungua, na mmoja wao akafa mwezi uliofuata.

Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema serikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji. Haikusema zaidi. Vitendo vyenyewe bado ni kosa, kifungo hadi miaka 14, sheria ya tangu enzi za mkoloni. Ila nchi iliwaka. Siku chache baadaye Kaluma akamwandikia Spika kwamba analeta Mswada wa Kulinda Familia. Alikwenda pia mahakamani kuomba majaji waupitie upya uamuzi wao, na Septemba mwaka huo wakamkatalia. Mswada ulitaka vifungo virefu, na hadi kifo kwa makosa uliyoyaita mazito. Ulitaka kupiga marufuku maandamano ya aina hiyo na masomo fulani shuleni. Na ulikuwa na kipengele ambacho magazeti mengi yalikipita haraka: mkimbizi atakayepatikana akivunja sheria hiyo afukuzwe nchini.

Jirani alikisoma kwenye simu yake pale kibandani. "Mbunge wa kwanza alinitoa nyumbani," alisema. "Wa pili anataka kunirudisha." Wakati huo Uganda nako walikuwa wametunga sheria nyingine, kali kuliko ile ya kwanza.

Kibandani tulikuwa watu wanne. Wawili walikuwa wakiisikiliza habari hiyo hiyo redioni na kucheka, mmoja akaigiza mwendo wa mwanamume anayetikisa nyonga. Akanitazama aone kama nacheka. Nilicheka. Jirani alikuwa mita mbili kutoka kwangu, anaweka simu mfukoni.

Hakununa. Kesho yake alinisalimia kama kawaida. Lakini hakunisahihishia tena kitu chochote, na mimi sikuomba. Niliporudi Kataboi mwaka uliofuata namba yake ilikuwa haipatikani. Mmoja anasema alipelekwa Nairobi, mwingine anasema alivuka Sudan Kusini.

Mimi nimelelewa karibu na misheni ya Kataboi, nilikuwa mtumishi wa altare, na nikiulizwa na padri ninaamini nini kuhusu mambo hayo sina jibu lililonyooka. Nina jibu kuhusu ndoo ya maji tu.

Basi makala. Niliandika maneno 850. Sifa zilikuwemo, maana anazo: anasoma, anatayarisha, habebwi na upepo wa mkutano wa hadhara. Mswada wenyewe haujawa sheria, nikasema hivyo. Nikaweka aya moja kuhusu mwanamke wa tatu na aya moja kuhusu kipengele cha wakimbizi. Hazikuwa na matusi. Mteja alijibu baada ya dakika kumi: kazi safi sana, toa hizo aya mbili, hazina uhusiano na mada.

Nilikaa na simu mkononi. Nje upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, ule unaokuja usiku na kutikisa mabati hadi unafikiri mtu anabisha. Nilifikiria jibu refu. Nilifikiria kumwambia kwamba aya hizo mbili ndizo mada. Kisha nikakumbuka deni la dukani, nikazifuta. Chini ya hapo nikaandika, "Nimerekebisha, asante." Nusu ya pili ya pesa ikaingia kabla ya saa saba. Makala ipo hadi leo, bila jina langu, na watu wameandika chini yake kwamba Mungu amlinde mheshimiwa.

Asubuhi nilimkuta mama akipasua ngege na kuwapaka chumvi. Nilimpa pesa. Akauliza nimeandika nini safari hii, huwa anauliza. Nikamwambia ni kuhusu mbunge anayetetea familia. Akasema hilo ni jambo jema, siku hizi watoto hawana adabu. Nikamwambia huyo ndiye aliyeandika sheria ya mambo ya urithi, ile ya wanawake waliosajiliwa.

Kisu kikasimama.

"Hiyo ndoa," akaniuliza, "wanaandikisha wapi?"

"Lodwar."

"Nauli sasa ni ngapi?"

Nilimwambia nauli. Halafu nikamwambia kwamba wanataka watu wote wawili wafike, kila mmoja na kitambulisho chake.

Alicheka, kicheko cha kweli, akapangusa jicho kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na chumvi. Akasema nimsogezee karai, nzi wameanza kuja.