Wapanda Farasi wa Bahari ya Kaskazini

Pwani nzima ya Ubelgiji ina urefu wa kilomita 67 hivi, na tramu moja inaifuata toka mwanzo hadi mwisho. Unapandia De Panne, karibu na mpaka wa Ufaransa, unashukia Knokke, jirani na Uholanzi, na ukikaa kitini bila kushuka popote safari inakula zaidi ya saa mbili. Lakini kukaa kitini ni hasara. Kipande cha kwanza cha reli hii, kati ya Oostende na Nieuwpoort, kilifunguliwa mwaka 1885, zama za mvuke. Leo tiketi ya siku inakuruhusu kushuka na kupanda upendavyo, na kila mji unaoupita una kitu cha kutazama kilichosimamishwa mchangani, kwenye matuta, au juu ya ukuta wa kuzuia mawimbi.

Hayo ni matunda ya Beaufort, maonyesho ya sanaa yanayofanyika hapa kila baada ya miaka mitatu tangu 2003. Wasanii wa Ubelgiji na wa nchi nyingine hualikwa kuunda kazi kwa ajili ya mahali fulani hasa, si kwa ajili ya ukumbi. Msimu ukiisha kazi nyingi huondolewa, ila baadhi hubaki, zikawa mali ya miji hii. Kwa mwendo huo pwani imejikusanyia zaidi ya kazi 40 za kudumu, zisizo na mlinzi wala kiingilio, usiku na mchana, kiangazi na kipupwe.

Tusidanganyane kuhusu majengo. Magorofa ya likizo yamepangana bega kwa bega, mji baada ya mji, mpaka aliye mtaa wa nyuma haioni bahari. Ukiwa na mazoea ya fukwe zenye minazi utaona ukali wa jambo hili haraka. Nadhani ndiyo maana sanaa ya hapa ina nguvu: ukigeuzia magorofa mgongo, mbele yako kuna mchanga mpana, maji ya kijivu, anga isiyo na mwisho, na hiyo sanamu.

Nilikwenda mwishoni mwa wiki na mama mmoja mzaliwa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, mkazi wa Brussels kwa miaka mingi, ninayemwita Mama Mkubwa kwa heshima. Treni kutoka Brussels hadi Oostende ni mwendo wa saa moja na robo hivi. Ukitoka stesheni unakutana na bandari, na ng'ambo yake vibanda vya wauza samaki: kamba wadogo wa kijivu, waliochemshwa humo humo ndani ya mashua, na konokono wa bahari wanaoliwa wa moto katika mchuzi wao. Mama Mkubwa alinunua kamba mfuko mzima, tukawa tunamenya huku tunatembea. Ni kazi ya subira. Kamba mwenyewe hafikii urefu wa kidole, lakini utamu wake unashinda wale wakubwa wa mahotelini.

Hatua chache mbele, katika uwanja wa Zeeheldenplein, penye mnara wa kumbukumbu ya mabaharia, yamesimama mabati makubwa yaliyokunjwakunjwa, rangi yake nyekundu inayoelekea chungwa. Hiyo ni Rock Strangers ya Arne Quinze, ya mwaka 2012. Picha zake hazisemi kitu. Ni lazima uingie katikati yake, uione bahari kwa vipande kupitia mianya, na uone rangi ile inavyouchokoza mji uliozoea kijivu. Ufukweni Oostende kuna pia Altar ya Kris Martin, ya 2014. Msanii amechukua umbo la fremu la altare maarufu ya ndugu Van Eyck iliyoko kanisani Gent, iliyokamilika mwaka 1432, akaliunda kwa chuma kwa vipimo vilevile, kisha akaacha kila dirisha wazi. Pale walipopaswa kuwepo watakatifu, kuna mawingu na maji. Mtoto akipita na mbwa wake, yumo katika picha mpaka atakapotoka.

Michoro ya ukutani ni safari nyingine kamili. Tangu 2016 tamasha la The Crystal Ship limewaalika wachoraji kupaka kuta za Oostende, na sasa ni nyingi kiasi kwamba watu wanazitafuta kwa ramani. Sisi tuliziona kwa kupotea mitaani, na sijutii.

Ukiifuata barabara ya ufukweni kuelekea magharibi unafika kwenye jengo refu lenye nguzo nyingi, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa amri ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ili wakubwa watembee kati ya jumba lake na uwanja wa mbio za farasi bila kupigwa na mvua. Utajiri wa Kongo, aliyoitawala kama mali yake, ndio uliompa uwezo wa kujenga namna hiyo. Karibu na hapo, tangu 1931, amesimamishwa yeye mwenyewe, juu ya farasi, juu ya mawe. Chini yake, upande mmoja, wavuvi wa Oostende wanamshukuru. Upande wa pili wanaomshukuru ni Wakongo, na maandishi yanasema kwamba aliwakomboa katika utumwa wa Waarabu.

Kwa msomaji wa Kiswahili sentensi hiyo ina watu tunaowajua. Waarabu hao ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, pamoja na wenzake, waliofika Maniema na bunduki, pingu na lugha yetu. Utumwa walioufanya ulikuwa wa kweli, na hakuna haja ya kuusafisha. Ila mwaka 1887 mpelelezi Stanley, kwa niaba ya Leopold huyohuyo, alimpa Tippu Tip uliwali wa maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo, na mshahara wa kila mwezi. Tippu Tip aliyaandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili. Mkombozi na aliyedaiwa kushindwa walikuwa mwajiri na mwajiriwa. Vita baina ya watu wao vilikuja baadaye, na nyuma ya vita ukaja utomvu wa mpira uliogemwa kwa lazima, na nyuma ya mpira mikono iliyokatwa ili kuthibitisha kwamba risasi haikupotea bure.

Sasa tazama kwa karibu kundi la Wakongo. Mmoja wao hana kiganja. Kilikatwa kwa msumeno mwaka 2004 na wanaharakati wa mji huuhuu wa Oostende, na hadi leo hakijarudishwa mahali pake. Nguo, misuli na nyuso za kundi zima zimechongwa kwa ufundi wa hali ya juu, jicho linateleza juu yake bila kukwama. Linafika kwenye ule mkono, linakwama. Mama Mkubwa alisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote tulipopita. "Afazali iko vile," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Wakirudisha mkono, tutapita tu." Nakubaliana naye. Kwa macho yangu hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote za pwani hii, na aliyeikamilisha hakuwa mchongaji wake.

Alasiri tulipanda tramu kwenda mashariki, Blankenberge. Hapo, kando ya bahari, kuna mnara wa mwaka 1900 uliochongwa na Guillaume Charlier, kuwakumbuka askari wawili, Lippens na De Bruyne. Huyu wa pili alikuwa mtoto wa Blankenberge. Mwaka 1892 walikuwa mateka wa Sefu, mwana wa Tippu Tip, huko Kasongo, Maniema. De Bruyne alipelekwa ukingoni mwa mto Lomami kuzungumza na wenzake waliokuwa ng'ambo, akaonyeshwa njia ya kutoroka, akakataa kumwacha mkubwa wake. Wote wawili wakauawa. Ujasiri wa kijana yule ni ujasiri, na mji una haki ya kumlilia. Mama Mkubwa aliuzunguka mnara mzima. Wageni wengi hupita hapo na aiskrimu mkononi bila kuinua macho, kwa sababu Kasongo kwao ni jina tu. Kwake ni safari ya kwenda kwa shangazi. Aliniambia kwamba nyumbani kwao, wazee wakisimulia vita ile, hawaanzi na maofisa wa upande wowote. Wanaanza na waliobebeshwa mizigo.

Jumapili tulikwenda magharibi, na hapa ndipo napenda kila mwenye nafasi afike: Nieuwpoort, maji yakiwa yanajaa. Huko Nina Beier, msanii wa Denmark, aliweka mwaka 2018 kazi aliyoiita Men. Ni sanamu za shaba za wapanda farasi, za namna tuliyoizoea katika viwanja vya miji mikuu, kifua mbele, hatamu mkononi. Tofauti ni kwamba hawana jukwaa la mawe chini yao. Wamewekwa mchangani, mahali ambapo bahari hufika. Maji yakipwa unawazunguka, unagusa kwato, unaona mwani na kome wachanga wameshika miguuni. Yakijaa, yanapanda magoti, yanapanda tumbo la farasi, yanafika kwenye kiti. Mawimbi ya Bahari ya Kaskazini ni mafupi na yenye hasira, yanapiga shingo ya farasi na kurudi. Mara mbili kila siku wakubwa hawa wanazama, na mara mbili wanatolewa, kila safari na kutu zaidi kidogo.

Aliyekulia pwani yetu ya Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa. Anajua kwamba bamvua litawafunika zaidi kuliko maji mafu, anajua kuangalia mwezi kabla ya kupanga siku. Tofauti ya maji kupwa na kujaa hapa huzidi mita tatu, kama wakati wa bamvua Zanzibar au Mombasa. Beier ameiachia bahari ifanye nusu ya kazi, na bahari haijali jina la mtu. Nikiwa nimetoka jana yake kumtazama Leopold, mkavu juu ya mawe yake, niliona wazi kwamba msanii yule amejibu mnara ule bila kuugusa.

Mjini humohumo yuko kobe mkubwa wa Jan Fabre, Searching for Utopia, wa 2003, ang'aaye kama dhahabu, na juu yake msanii mwenyewe ameshika hatamu kuelekea baharini. Watoto wanampanda kutwa. Mwaka 2022 mahakama ya Antwerp ilimhukumu Fabre kifungo cha miezi 18 kilichoahirishwa, kwa makosa dhidi ya wanawake waliofanya kazi katika kundi lake la dansi. Ukijua hilo, mpanda kobe naye si pambo tu tena.

De Panne ni mwisho wa reli. Mfalme wa kwanza wa Wabelgiji, Leopold I, aliingia nchini kwa njia ya ufukwe huu mwaka 1831, na mnara wake upo. Katika Beaufort ya kwanza, ufuo huohuo ulibeba watu 100 wa chuma wa Antony Gormley, wote wakiangalia baharini. Baadaye walihamishiwa Crosby, karibu na Liverpool, na wako huko mpaka sasa.

Kwa hesabu ya kila baada ya miaka mitatu, zamu ijayo ya Beaufort ni 2027. Ukipanga kwenda wakati wowote, kwanza tafuta saa za maji za Nieuwpoort, halafu ndipo ununue tiketi ya treni. Ombi langu kwa waandaaji ni kwamba wamwalike mchongaji wa Maniema, wampe nafasi ya kuchagua mahali mwenyewe. Mama Mkubwa tayari anaijua sehemu atakayoipendekeza: Blankenberge, mbele ya mnara wa wale vijana wawili, chini mchangani, maji yanakofika.