Nilimfuta Baba Mkwe!

Kila nyumba ina kitu kimoja kisichoguswa. Kwetu ni kaseti. Baba mkwe, ambaye sikuwahi kumwona, aliirekodi mwenyewe mwaka 1986: redio kaseti juu ya meza ukumbini, DDC Mlimani Park, wana Sikinde, wakipiga. Bendi ilikuwa na miaka minane tu tangu ianze. Miaka miwili baadaye alifariki, mume wangu akiwa na miaka minne.

Ndoa yetu ilipokaribia kutimiza miaka kumi nikajiuliza, huyu mwanaume nimpe nini? Shati? Mashati anayo. Nikasubiri asafiri kikazi, nikaazima deki, nikachomeka waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, nikafungua Audacity, programu ya bure, nikarekodi pande zote mbili. Ile kumaliza tu, deki ikala mkanda! Nilipoutoa ulikuwa umesokotana kama tambi. Jamani, jasho lilinitoka. Nikajifariji: si muziki umeshaingia kwenye kompyuta?

Basi nikaanza usafi. Mvumo wa umeme, ule wa hezi 50, niliukata kwa kichujio. Ile "shhh" ya mkanda ina dawa yake: unaichagulia programu sekunde chache ambazo hakuna anayepiga wala kuimba, inaisoma kelele ilivyo, kisha inaipunguza kwenye rekodi nzima. Mimi nikapandisha hadi desibeli 30. Glasi, vicheko, soga za kati ya wimbo na wimbo, vyote nikafyeka. Waimbaji wakawa kama wako ndani ya pipa la maji, lakini nikaona safi tu!

Siku yenyewe, baada ya chakula, nikamwekea. Wimbo wa kwanza alitabasamu. Wa pili ulipoanza akanigeukia.

"Baba yuko wapi?"

"Baba gani?"

Kumbe kati ya nyimbo hizo mbili kuna mwanaume anamwambia mhudumu, "Mletee mama soda nyingine, leo nataka acheze mpaka asubuhi," halafu anacheka. Sekunde tisa. Ndiyo sauti pekee ya baba yake aliyobakiwa nayo. Miaka kumi hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kuuliza. Nilidhani anapenda dansi.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alienda kukaa barazani peke yake.

Nikapekua kompyuta mikono ikitetemeka, hadi nikalipata faili la mwanzo, ambalo sikuwa nimeligusa. Nililihifadhi kwa jina lingine kwa bahati tu, wala si akili. Nikamfuata nayo barazani. Tukaanza upya, wawili, sikio moja la hedifoni kila mtu. Mvumo tukautoa, "shhh" tukaipunguza desibeli 6 tu, glasi zikabaki. Kila nilipotaka kukata nilimwuliza kwanza, naye akanisimulia: "Huyu anayepiga mluzi, mama alisema ni mjomba." Hadi saa nane usiku nilikuwa nimeshawajua wakwe zangu.

Kama nawe una kaseti ya wazazi kabatini, irekodi yote, weka nakala moja usiyoigusa kabisa, ndipo uanze usafi. Na kabla hujafuta kelele yoyote, muulize mwenzio ni ya nani.