Kaye ya Madeni Kibabi

Kabla hatujatoka Goma, mwenzangu alinishauri niiweke kadi ya benki ndani kabisa ya begi. Yeye hununua jibini za Masisi na kuziuza mjini; mimi nilikuwa mgeni kutoka Nairobi, niliyezoea kulipia mahitaji kwa kadi au kwa simu. Ilikuwa Agosti 2019, safari yangu ya kwanza kwenda Kibabi, huko Masisi, Kivu ya Kaskazini. Tulianzia kwa mbadilisha fedha. Dola 1 ilitoa franka 1,600 na kitu. Yule kijana aliinua noti yangu ya dola 20 juani, akapapasa kingo zake kwa kidole gumba, kisha akanirudishia kwa sababu ya mpasuko mdogo pembeni. Huku Kongo dola iliyochanika hivyo haina mpokeaji, ilhali siku zile franka zilizochakaa zilipokelewa.

Mwezi mmoja nyuma Ebola ilikuwa imeingia Goma, kwa hiyo njiani tulinawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto. Hadi Sake, kilomita 25 hivi, barabara ni ya lami, inapita juu ya mawe meusi ya volkano karibu na Ziwa Kivu. Baada ya Sake unapanda kuelekea Mushaki, na vumbi linaanza. Malisho yamefunika vilima, ng'ombe wamesimama kwenye miteremko mikali, na vijana wanateremka na chukudu, zile skuta za mbao, zilizojaa magunia ya viazi. Ni nchi nzuri sana, nasema hivyo bila kusita.

Kibabi tuliingia butike ya mama mmoja kununua sukari, sabuni na betri. Mimi nililipa taslimu. Waliokuja baada yangu hawakulipa. Msichana alichukua mafuta ya kula, mama akavuta kaye, yaani daftari la shule lenye mistari ya mraba, akaandika jina la baba wa msichana, kitu, bei, tarehe. Kwenye kurasa za nyuma nikaona majina mengi yaliyokatwa kwa rula, mstari mmoja ulionyooka juu ya kila deni lililolipwa.

Nikamuuliza mama anajuaje nani atalipa.

"Mutu mwenye minajua, minamukopesha," akasema. "Mwenye siyui, alipe kwanza."

Akanieleza walio kwenye kaye. Kuna mwalimu anayengoja mshahara unaochelewa. Kuna mwenye ng'ombe anayepeleka maziwa kila asubuhi lakini hulipwa kwa mkupuo. Kuna mchimbaji wa madini ya coltan huko Rubaya, ambaye anaweza kuchimba wiki nyingi bila kushika hela, kisha akapata nyingi kwa siku moja. Wote hawa wana kipato, ila hakiji siku ile mtoto anapohitaji chumvi. Bei ya deni ni ileile ya taslimu, riba hakuna. Anayekawia sana hapewi kitu kingine mpaka akate deni. Na mama mwenyewe hupewa mali kwa deni na mfanyabiashara wa Goma.

Hapo ndipo nilipoielewa vizuri kadi ya mkopo. Mwaka 1958 Bank of America iliwatumia wakazi wa Fresno, California, kadi 60,000 hivi bila wao kuziomba, na kilichokuwa ndani ya kadi zile ni muda, kama ule wa kaye. Mtu hununua mkate leo, hulipa mshahara ukiingia. Sheria ya Marekani ya 2009 inataka mteja apelekewe hesabu yake siku 21 angalau kabla ya siku ya kulipa; akilipa yote kwa wakati, kwa kawaida muda ule haumgharimu riba. Kwa hiyo wengi huitumia hata kwa nyanya na nauli: hawatembei na fedha nyingi, wanapata kumbukumbu ya matumizi, na wengine wanapewa pointi za zawadi. Uingereza, sheria ya 1974 inaibana kampuni ya kadi pamoja na muuzaji ikiwa bidhaa ya zaidi ya pauni 100 haikufika au ni mbovu. Huo ni ulinzi wa kweli. Nairobi nasi tulikuwa tumepata Fuliza tangu Januari 2019, inayojazia malipo ya M-Pesa salio likipungua.

Tofauti kubwa iko kwa anayechelewa. Kadi humtoza riba mwezi hadi mwezi, na riba hiyo ndiyo inayolipia sehemu ya raha za wanaolipa mapema. Kaye ya Kibabi haimli mtu hivyo. Lakini hasara yote inamwangukia mama wa duka, na mteja akihamia Goma, uaminifu wake wa miaka unabaki Kibabi.

Kwa mahitaji makubwa kuna AVEC, vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea Kivu ya Kaskazini. Utaratibu wake ulianzia Niger mwaka 1991 kwa kazi ya shirika la CARE: sanduku la chuma, kufuli 3, funguo kwa watu 3 tofauti, na kila kitu kinahesabiwa mbele ya wanachama. Ada ya shule na mbegu za viazi hutoka humo.

Nilimuuliza mama pia anabeba nini vita vikija. Alijibu bila kufikiri: watoto, kisha kaye. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, na Januari 2025 wakaiteka Goma. Benki za Goma zilifungwa, na wenye kadi wakawa wanavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta fedha.

Kwenu mnaopanga mikopo midogo ya Masisi, kutoka Goma, Kinshasa au Nairobi: msimwambie mkulima wa Kibabi kwamba hana historia ya mkopo. Ombeni kuiona kaye, kwa ruhusa ya mwenye duka na ya mkopaji, mhesabu mistari iliyokatwa kwa rula, na mumkopeshe kwa hiyo.