Nguvu na Uaminifu kwa Atakaye Udaktari

Jioni moja, ukungu ukiteremka kutoka msitu wa Ngorongoro na kuyafunika mashamba ya Karatu, binti yangu aliketi mbele yangu na karatasi mkononi. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, na barua ya kumkubali kusoma udaktari ilikuwa imekwisha fika. Mimi, baba yake, niliyesoma Kurani na shule ya msingi tu, nilimshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ambayo sikupata kuiota.

Karatasi ile ilikuwa fomu ya uchunguzi wa afya. Daktari alitakiwa kumpima mwanafunzi macho, masikio, kifua, moyo, shinikizo la damu, mkojo na damu. Kisha mwanafunzi mwenyewe aliulizwa: Je, umepata kuugua kifua kikuu? Pumu? Kisukari? Maradhi ya akili? Kifafa? Kalamu ya binti yangu ilisimama juu ya neno hilo la mwisho.

Ndugu zangu wasomaji, mtoto huyu alianguka kifafa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jirani walisema ni jini, na mimi, sikatai, nilisoma makombe kwa miezi kadhaa kabla ya kumpeleka hospitali. Huko tulifahamishwa ya kuwa kifafa ni maradhi ya ubongo, wala hayaambukizi. Na ya kuwa katika kila wagonjwa kumi, wapatao saba waweza kuishi bila ya kuanguka wakipata dawa zifaazo na kuzitumia bila ya kukatiza. Alipewa dawa, akazishika, na hadi jioni ile ilikuwa imetimia miaka minne hajaanguka.

Basi nikamwambia, “Mwanangu, andika hapana. Miaka minne imepita, na Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusitiri.”

Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa adabu, “Baba, na kesho mgonjwa akinificha maradhi yake, nitamwambia nini? Hadithi ya msichana wa maziwa si wewe uliyenifundisha?”

Hadithi hiyo naisimulia madrasani kila mwaka. Sayyidna Umar, akizunguka usiku katika mji wa Madina, alimsikia mama akimwambia bintiye atie maji katika maziwa ya kuuza, kwani Khalifa hawaoni. Binti akakataa, akasema kuwa kama Khalifa haoni, Mola wake Khalifa aona. Usiku ule nilijiona mimi ndiye yule mama, nami nimeshika kata ya maji. Niliona haya nisiweze kumtazama mtoto wangu usoni. Aliandika ndiyo, akatia sahihi yake.

Asubuhi tulikwenda kwa daktari. Alimpima kwa makini, akasoma alichoandika, kisha akanigeukia. “Maalim,” alisema, “maradhi yanayojulikana hutibiwa. Yanayofichwa ndiyo yanayoua, na ya daktari huweza kumwua mgonjwa asiye na habari.” Akatueleza ya kuwa daktari huenda akafanya zamu ya usiku kucha, na kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumrudishia mtu kifafa. “Binti yako aweza kusoma,” alisema, “lakini chuo kipate kujua, ili kimpangie zamu zake kwa busara. Na pengine upasuaji haitakuwa njia yake. Utabibu una milango mingi.” Akaandika barua ya kueleza hali yake na dawa zake, akaiambatanisha na fomu.

Tangu siku ile nimefikiri sana maana ya kusema kwamba mtu anafaa kuwa daktari. Katika Surat al-Qasas twasoma habari za yule binti aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa, akazitaja sifa mbili za mwajiriwa aliye bora: nguvu na uaminifu. Nimeona kuwa fomu ile nzima imo ndani ya sifa hizo mbili.

Nguvu ya kwanza ni ya mwili. Sisi wa huku twaijua maana yake. Atokaye Endulen kuja Karatu hupita juu ya ukingo wa Kreta, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, penye baridi na ukungu. Niliwahi kumsindikiza jirani aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, nikamwona daktari kijana amesimama tangu magharibi hata alfajiri, akitoka kwa mgonjwa huyu akienda kwa yule. Miguu yake ilikuwa amana ya watu, na macho yake pia. Tena daktari hugusa damu za watu, kwa hiyo yampasa achanjwe homa ya ini aina ya B, chanjo ambayo kwa kawaida hutolewa mara tatu katika muda wa miezi sita.

Nguvu ya pili ni ya akili na moyo. Masomo ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi kazini, na katika muda huo kijana huona vifo ambavyo wazee wengine hawajaviona. Wahenga walisema mganga hajigangi. Kijana anayekosa usingizi kwa huzuni, au aliyekata tamaa, asione aibu kutafuta msaada. Kwani kumwomba mtu msaada hakupunguzi imani. Kiapo cha matabibu wa dunia, kilichoandikwa Geneva mwaka 1948, kilitengenezwa upya mwaka 2017, na humo daktari huahidi kuitunza pia afya yake mwenyewe ili aweze kuwatibu wengine vyema.

Ama uaminifu, huo hakuna kipimo cha maabara kinachouonyesha. Wala jambo hili si geni kwa Waislamu. Baghdad, mwaka 931, mtu alikufa kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru matabibu wa mji wapimwe na Sinan bin Thabit kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi, na waandishi wa tarehe wanasema waliopimwa walizidi mia nane. Khalifa alifahamu kuwa mgonjwa hana njia ya kumpima tabibu wake. Hulala, akafumba macho, akamwamini.

Chuo kilimkubali binti yangu. Sasa yumo katika mwaka wa pili. Kila usiku humeza dawa yake, hulala mapema kadiri awezavyo, na mwenzake wa chumbani amefundishwa la kufanya iwapo ataanguka: amlaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu naye, wala asimtie kitu mdomoni. Hatujui mwisho wake, kwani hayo yamo mikononi mwa Mola. Lakini hata kama chuo kingemkataa, leo najua kuwa angekuwa amefaulu mtihani ambao mimi, mwalimu wake, nilishindwa.

Enyi wazazi wenzangu, tusiwe sisi wa kwanza kuwafundisha watoto wetu kuficha. Nanyi vijana mnaoutamani udaktari, ikiwa ni Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Dodoma au Zanzibar, itunzeni miili yenu, zitunzeni nyoyo zenu, na siku mtakapoletewa fomu, jazeni kweli. Mgonjwa wenu wa kwanza ni ninyi wenyewe. Asiyejisemea kweli nafsi yake hataweza kuwasemea kweli wengine.

Wabillahi tawfiq.