Macho ya Msomaji

Mwaka 1879 mganga wa macho Mfaransa, Émile Javal, aliandika ya kuwa macho ya msomaji hayatiririki kama maji ya Lualaba, bali huruka na kutua. Kila tuo huchukua kadiri ya robo ya sekunde. Siku hizi kamera maalumu huyafuata macho ya mwanafunzi asomaye kitabu cha sayansi. Zimeonyesha ya kuwa wengi hufuata maneno, picha wakaipitia juu juu. Naye atazamaye neno, kisha picha, kisha akarudia neno, kwa kawaida huelewa zaidi.

Hapa Manika darasa langu halina kamera, na vitabu vyetu ni vya Kifaransa. Mtoto aweza kusoma kwa sauti safi somo la kusafisha shaba kwa umeme, asijue shaba yaelekea upande gani, hali mchoro u mbele yake. Basi humwambia aweke kidole kimoja penye neno, kingine penye mchoro, kisha anieleze kwa Kiswahili.

Enyi wazazi, msifanye haraka kumwita mjinga. Jioni mwulizeni: “Picha hii yasema nini?” Kutazama nako hufundishwa.